Ulisomea Wapi Kuunda Gitaa?

Kabla Franco Luambo Makiadi hajawa yule Franco ambaye wazee wetu walicheza nyimbo zake hadi kuche, alikuwa mtoto wa mama muuza mandazi sokoni Léopoldville, jiji ambalo leo ni Kinshasa. Alizaliwa 1938. Akiwa na miaka kama saba hivi alijiundia gitaa: mkebe ukawa mwili, waya wa umeme uliochunwa ngozi ukawa nyuzi. Akawa analipiga karibu na meza ya mamake ili wateja wavutike. Mandazi yakauzwa.

Mwaka wa 1963, viungani mwa London, kijana wa miaka 16 aitwaye Brian May alianza kuunda gitaa la umeme pamoja na babake, Harold, ambaye alikuwa mhandisi wa elektroniki. Magitaa ya Fender aliyoyatamani yalimshinda bei. Shingo waliichonga kutoka kwa mbao ya meko ya zamani, na matundu ya wadudu wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Springi zilitoka kwenye injini ya pikipiki. Zile alama nyeupe za kuonyesha vidole vikae wapi zilikuwa vifungo kutoka kwa kikapu cha kushonea cha mamake. Gharama yote ilikuwa pauni 8 hivi. Mwaka wa 1985 gitaa hilo hilo lilisikika uwanjani Wembley kwenye tamasha la Live Aid, May akiwa jukwaani na Freddie Mercury, mzaliwa wa Unguja.

Hizi hadithi mbili ni ndugu. Kila moja ina mtoto asiye na pesa, mzazi aliye karibu, na vitu ambavyo watu wengine walikuwa wameshamalizana navyo. Lakini sikiliza zinavyosimuliwa. Gitaa la May lina jina lake, lina kitabu chake, na kuna kampuni inayouza nakala zake. Mkebe wa Franco hupewa sentensi moja tu, ya kuonyesha alivyokuwa maskini, kisha msimulizi anakimbia kufika siku alipopata gitaa "la kweli".

Nina sababu ya kuuma meno juu ya hiyo sentensi moja. Mimi huunda magitaa ya besi. Si kazi, kazi yangu ni kuandika, ambayo hulipa ikijisikia. Naunda wikendi, kwenye kona ya yadi ya seremala mmoja kando ya Barabara ya Ngong, na kodi ya hiyo kona nailipa kwa kumpigia msasa vitanda vyake. Kabla ya hapo nilikuwa chuo kikuu, uhandisi, mwaka wa tatu. Karo ikaisha, na masomo yakaisha nayo. Kufikia sasa nimemaliza besi tatu, na ya nne iko mezani bila nyuzi. Watu wakiziona, swali la kwanza huwa si zinasikika aje. Huwa ni: "Na wewe ulisomea wapi hii kitu?"

Nimeulizwa mara nyingi kiasi kwamba nilianza kuwauliza wafu swali hilo hilo. Wale waliotupa gitaa tunalolijua leo, wao walisomea wapi?

Mwanzie Antonio de Torres. Alizaliwa 1817 karibu na Almería, kusini mwa Uhispania. Ukishika gitaa lolote la klasiki leo, iwe ni la duka la River Road au la ukumbi wa kifahari, ukubwa wake, kiuno chake na zile mbavu za ndani zilizotandazwa kama upepeo vinatokana na Torres kuliko mtu mwingine yeyote. Alisomea useremala. Aliingia uanagenzi akiwa na miaka 12.

Mwaka wa 1862 Torres alifanya jambo ambalo mimi naliona kama jaribio zuri kabisa la sayansi. Aliunda gitaa ambalo mgongo na ubavu wake ni karatasi. Karatasi nzito, iliyogandishwa kwa gundi. Ubao wa mbele peke yake ndio aliouunda kwa mbao nzuri kama kawaida. Alitaka kuonyesha kwamba sauti ya gitaa inaishi mbele, kwenye ule ubao unaotikisika, na kwamba mbao ghali za mgongoni si siri ya lolote. Gitaa hilo lipo hadi leo, kwenye makumbusho ya muziki ya Barcelona.

Lakini ubingwa haukumjazia sufuria. Karibu 1870 alirudi Almería, yeye na mkewe wakafungua duka la vyombo vya kauri na vioo. Alipoanza tena kuunda magitaa miaka michache baadaye, ilikuwa kazi ya pembeni. Mtu ambaye dunia nzima inamwiga alikuwa anauza sahani mchana na kuchonga gitaa akipata nafasi. Akafa 1892. Nikisikia mtu akisema "hiyo ni hobi tu", namkumbuka Torres na sahani zake.

Sasa twende kwa hesabu, maana hapo ndipo watu wengi hudhani lazima uwe na digrii. Shingo ya gitaa imekatizwa na vyuma vyembamba. Mafundi huviita freti. Ukibonyeza uzi nyuma ya freti, unaufupisha, na sauti inapanda. Ukiangalia vizuri utaona nafasi kati ya freti na freti inazidi kupungua ukishuka kuelekea tumboni. Inapungua kwa kiasi gani? Ukikosea milimita moja, sikio litakushtaki.

Jibu la kwanza maarufu lililochapishwa Ulaya lilitoka kwa Vincenzo Galilei wa Firenze, mpigaji wa luti, kwenye kitabu chake cha 1581. Ndiyo, ni babake yule Galileo wa darubini. Na luti yenyewe ni mjukuu wa udi, ule udi ambao unausikia kwenye taarabu ya Mombasa na Lamu. Hata jina la luti limetokana na Kiarabu al-ud, yaani mti, ubao. Galilei alisema hivi: chukua urefu wa uzi, ugawe kwa 18, hapo weka freti ya kwanza. Chukua urefu uliobaki, ugawe tena kwa 18, weka ya pili. Endelea hivyo hivyo. Mtoto wa darasa la sita anaweza.

Nilijaribu kwenye karatasi na besi yangu, ambayo uzi wake una urefu wa milimita 864 hivi, kipimo cha kawaida cha besi. Freti ya 12 inapaswa kukaa katikati kabisa, milimita 432, kwa sababu hapo ndipo sauti inarudia ile ile lakini juu zaidi. Kwa kanuni ya Galilei unajikuta umebakisha karibu 435. Umepotea milimita 3. Kwa luti ya wakati wake haikuwa shida kubwa, kwa sababu freti zake zilikuwa kamba za utumbo zilizofungwa shingoni, na mpigaji angeweza kuzisogeza kidogo kwa kidole. Kwa chuma kilichogongwa ndani ya mbao, hapana.

Namba kamili ni 17.817. Inatokana na kugawa umbali wa sauti moja hadi pacha wake wa juu katika hatua 12 zilizo sawa. Miaka ile ile ya 1580, huko Uchina, mwanamfalme Zhu Zaiyu alikuwa ameshazikokotoa hatua hizo 12 kwa mkono, kwa usahihi wa kushangaza, bila kikokotoo na bila logi. Kwa hiyo hesabu ambayo mimi nafanya kwa simu nikiwa nimekaa juu ya kigoda cha seremala ina zaidi ya miaka 400, na waliotufikishia ni mpiga luti na mwanamfalme aliyependa hesabu. Hakuna aliyekuwa na cheti cha kuunda magitaa. Hakikuwepo.

Ukitaka jibu la karibu zaidi na sisi, mtazame Leo Fender. Alizaliwa California 1909, akasomea uhasibu, kisha akafungua duka la kutengeneza redio mwishoni mwa miaka ya 1930. Gitaa hakujua kupiga. Mwaka wa 1951 alitoa besi ya umeme ya kwanza kuuzwa kwa wingi, Precision Bass, na kabla yake gitaa la mwili usio na uwazi ndani. Mwili ni ubao mzima uliokatwa kwa msumeno. Shingo imefungwa kwa skrubu nne. Ikiharibika, fungua, weka nyingine. Ni akili ya mtu aliyezoea kutengeneza vitu vilivyokwama, anayejua kwamba kila kitu kitarudi mezani siku moja. Alitaka kurahisishia kiwanda chake kazi, lakini alichofanya hasa ni kuturahisishia sisi. Gitaa la Torres linahitaji ukunje mbao nyembamba kwa joto na maji. La Fender linahitaji ubao, msumeno, patasi, tobo na subira.

Na hapa kwetu? Hapa swali la "ulisomea wapi" lingemchekesha mtu kwa muda mrefu sana. Nyatiti ya Wajaluo ina nyuzi nane, bakuli la mbao na ngozi ya ng'ombe. Obokano ya Abagusii ni kubwa zaidi na hunguruma chini kabisa. Mimi huiita besi ya kwanza ya Kenya, ingawa hilo ni la mapenzi yangu. Litungu ya Wabukusu nayo ina saba. Zote zilitengenezwa kwa mkono, kijijini, na mtu aliyejifunza kwa kukaa karibu na mtu mwingine. Nyuzi za nyatiti zilikuwa kano za ng'ombe. Nailoni ya kuvulia samaki ilipofika, wakaweka nailoni. Hakuna aliyesema nyatiti imekufa. Fundi alitumia kilichokuwepo, kama Torres na karatasi yake.

Gitaa lenyewe lilienea sana baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Vijana walioandikishwa jeshini walitumwa hadi Asia, na waliorudi walirudi na zaidi ya medali. Fundi Konde wa Pwani, aliyezaliwa 1924, alikuwa katika kikosi cha kuwatumbuiza wanajeshi wa Afrika Mashariki. Baadaye akawa miongoni mwa Wakenya wa kwanza kurekodi kwa gitaa la umeme. Huko Magharibi, George Mukabi alikuza mtindo wa omutibo, vidole viwili vikitembea kwenye nyuzi huku mtu wa pembeni akigonga chupa ya Fanta. Mukabi alifariki 1963, mwaka ule ule ambao Brian May alikuwa anachonga shingo yake London.

Hiyo chupa inanifurahisha sana. Mpigaji wa nyatiti huvaa pete ya chuma kwenye kidole cha mguu, akigonga nayo ukingo wa chombo ili kuweka mapigo. Gitaa lilipokuja halikuja na pete. Basi ikatafutwa chupa. Halafu benga nayo, miaka ya 1960, ikalifunza gitaa la umeme kuongea kama nyatiti, na besi ikapewa kazi ambayo kwenye bendi za Ulaya ilikuwa nadra: kusimama mbele na kubishana na gitaa la kwanza badala ya kunong'ona nyuma. Besi ilitoka kiwandani California. Namna ya kuiongelesha ilitoka Nyanza.

Tatizo ni kwamba majina tuliyoweka ni ya waliopiga. Waliounda, waliobandika shingo zilizovunjika, waliotengeneza daraja kwa mfupa au kwa mswaki wa zamani, hao mara nyingi ni "fundi fulani". Na nadhani najua lilipoanzia. Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa ripoti kuhusu ajira nchini Kenya. Ripoti hiyo ndiyo iliyolisambaza duniani jina la "sekta isiyo rasmi". Ilikuwa na nia njema; ilisema wazi kwamba hawa watu wanazalisha, wanabuni, na serikali iache kuwasumbua. Lakini jina likabaki, na jina lina kazi yake. Ukishaitwa "isiyo rasmi", ujuzi wako unageuka kuwa kitu cha kungojea kurasimishwa. Sasa kuna hata utaratibu wa serikali wa kutambua ujuzi ulioupata nje ya darasa. Ni jambo zuri, na nikipata nafasi nitaupitia. Ila yule aliyeifanya nyatiti ilie hakuwa anangoja.

Niliona tofauti hii kwa macho nilipokuwa naunda besi ya pili. Besi ya umeme inahitaji kitu kinachoitwa pikapu, na si ile ya kubeba mbuzi. Ni sumaku zilizozungushiwa waya mwembamba wa shaba, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme kidogo unazaliwa kwenye waya, na huo umeme ndio spika inaugeuza kuwa sauti. Darasani nilifundishwa hiyo kanuni na jina la mwenyewe, Faraday, 1831. Nikaandika, nikafanya mtihani, nikapita. Lakini sikuwahi kuishika.

Seremala akanielekeza kwa mzee mmoja anayesuka mota za pampu na vinu. Nikamweleza ninachotaka. Akaishika ile fremu ndogo ya pikapu, akaigeuza geuza kwa vidole vilivyojaa vanishi.

"Kijana, hii ni mota isiyozunguka," akasema.

"Mzee, ulisomea wapi?" Nikajishtukia ni mimi nimeuliza.

"Kwa mjomba. Alikuwa anapiga mkono nikigusa waya vibaya."

Akaisuka kwa mashine yake ya mkono, akihesabu mizunguko kimya kimya midomo ikicheza, na alipomaliza akapima kwa mita, akatikisa kichwa, akafumua kidogo, akapima tena. Sentensi yake moja ilikuwa na muhula mzima wangu ndani yake. Mwili wa hiyo besi ni mvule uliotoka kwenye mlango wa zamani, na shingo ina fimbo ya chuma ndani, kwa sababu nyuzi nne za besi zikikazwa huivuta kwa zaidi ya kilo 70, uzito wa mtu mzima anayening'inia usiku na mchana.

Kwa ubao wa vidole, ule wa kugongea freti, nilitaka mpingo. Mpingo ni mti wetu, wa Afrika Mashariki na Kusini. Tanzania imeufanya mti wa taifa. Ni mzito kiasi kwamba unazama majini, na kwa miaka mingi umekuwa ukisafirishwa Ulaya kugeuzwa klarineti na obo. Hapa Kenya tunaujua kupitia vinyago vya Wakamba. Ufundi huo wa vinyago nao una historia inayofaa hapa: unahusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kuchonga Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza, akarudi nyumbani na kuwafunza jamaa na majirani. Sanaa inayojaza maduka ya watalii hadi leo ilianza na mtu mmoja aliyetazama wengine wakichonga.

Tangu Januari 2017 mpingo na jamaa zake wote wamewekwa chini ya mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya viumbe vinavyohitaji ulinzi. Sheria hiyo ina maana, mti unachukua miongo mingi kukomaa. Lakini ukitaka kipande kihalali mjini, cha ukubwa wa rula, unaweza kukipata kwa urahisi zaidi kikiwa kwenye chombo kilichotengenezwa nje kuliko kikiwa mbao. Mti unaondoka ukiwa gogo na kurudi ukiwa na jina la kampuni. Nilitumia muhuhu mkavu uliobaki kwenye kazi ya sakafu. Ni mgumu, una harufu tamu ukiuchana, na hauna jina lolote kwenye katalogi za magitaa. Labda litakuwepo siku moja, kama wengi wetu tutautumia.

Kuna kitu kimoja zaidi kuhusu Brian May ambacho watu husahau kwa sababu ya gitaa. Alikuwa anafanya uzamifu wa fizikia ya anga pale Imperial College, akaacha miaka ya 1970 bendi iliposhika kasi. Akarudi na kumaliza 2007, akiwa na miaka 60. Hakuna anayemwita mtu aliyeacha shule. Wanamwita mtu aliyekuwa na shughuli. Mimi nitaomba kuitwa hivyo hivyo, na namwombea yule mzee wa mota aitwe mhandisi, na ule mkebe wa sokoni Léopoldville uitwe gitaa la kwanza la Franco, nukta, bila "la kuchezea" mbele yake.

Basi ukinikuta Ngong Road Jumamosi nimejaa vumbi la muhuhu, usiniulize nilisomea wapi. Niulize urefu wa uzi. Halafu utafute ubao wako, pima kutoka daraja hadi juu ya shingo, na ugawe. Namba ni 17.817. Iandike mahali hautaipoteza.